Kidonda cha Usoni Kisichopona: Mwongozo wa Upasuaji kwa Mtu Mwenye Ualbino

Kama una ualbino, au unaishi na mwenye ualbino, shika kwanza hili: kidonda chochote cha usoni, sikioni, mdomoni, kichwani au shingoni ambacho wiki nne zimepita na bado hakijapona, kipeleke hospitali. Usingoje mpaka kianze kuuma. Saratani ya ngozi ikiwa changa mara nyingi haina maumivu, ndiyo maana watu hukaa nayo mwaka mzima wakiipaka mafuta ya mgando, majivu na dawa za dukani, hadi siku inapoanza kunuka.

Ikikutwa mapema, saratani hii huondolewa kwa ganzi ya sindano: asubuhi unaingia, mchana unarudi nyumbani. Ikichelewa, kuna kulazwa wodini, kupandikizwa ngozi, kuondolewa matezi ya shingo na kusafiri mbali kufuata mionzi. Hapa tutapita njia yote: uanzie wapi, daktari atafanya nini, utalipia nini, na karatasi gani usiondoke hospitali bila kuiona.

Kwa Mwafrika mwenye ngozi nyeusi, saratani ya ngozi ya uso ni ugonjwa adimu, na mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi asiione. Kwa mwenye ualbino mambo ni tofauti. Ngozi yake haina melanini, ile rangi asilia inayozuia miale ya jua isiharibu chembe hai za ndani, au inayo kidogo mno. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, wakati Ulaya na Marekani ni mmoja katika watu 17,000 hadi 20,000. Wengi wao wanalima, wanachunga au wanauza sokoni juani, na sehemu ambazo shati na kanga hazifuniki, yaani uso, masikio, midomo na shingo, ndizo zinazopigwa na jua tangu utotoni.

Aina za saratani ya ngozi ziko kadhaa, ila tatu ndizo zinazotajwa zaidi. Ya kwanza ni saratani ya seli bapa, ambayo madaktari huiita skwamasi. Ya pili huanzia kwenye seli za tabaka la chini la ngozi ya juu na huitwa beso. Ya tatu ni melanoma. Kwa Wazungu inayoongoza ni beso, ambayo huchimba polepole pale ilipo na ni nadra kusambaa. Kwa watu wenye ualbino katika Afrika inayoongoza ni skwamasi, na hii ikiachwa huweza kuhamia kwenye matezi ya shingo. Melanoma kwao ni nadra. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yanayofuata inahusu skwamasi.

Inaanzaje? Kwanza huja mabaka makavu yanayokwaruza kidole kama msasa, kwenye paji la uso, pua, mashavu, ncha za masikio na mdomo wa chini. Ukibandua gamba linarudi. Hayo bado si saratani, bali ni dalili kwamba ngozi imeshaunguzwa na jua kiasi cha kuweza kugeuka, na huweza kutokea hata kwa watoto. Katika hatua hii kisu hakihitajiki. Daktari wa ngozi huyagandisha kwa nitrojeni ya maji, kimiminika chenye baridi kali sana, au huandika krimu ya kupaka kwa wiki chache. Hali ikibadilika, baka huota uvimbe mgumu, au kidonda chenye kingo zilizonyanyuka ambacho kikiguswa na taulo kinatoa damu. Hapo ndipo upasuaji unapoingia.

Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, kwa hiyo kujikagua kwenye kioo kunawapita mengi. Mwombe mtu wa nyumbani akukague mara moja kwa mwezi mahali penye mwanga: nyuma ya masikio, ndani ya mikunjo ya sikio, kisogoni, chini ya kidevu, pembe za macho. Kinyozi na msusi ni watu wa maana kwenye jambo hili, kwa sababu utosi na nyuma ya sikio wanaviona kuliko wewe mwenyewe. Waambie tu wakiona kipele kisichoisha wakujulishe.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, lakini usikifanye kuwa mwisho wa safari. Mweleze mhudumu waziwazi: nina ualbino, kidonda hiki kina muda fulani, naomba rufaa kwa daktari wa ngozi au daktari wa upasuaji. Kusafishwa na kufungwa bandeji wiki moja au mbili ni sawa. Kufungwa bandeji mwezi wa pili bila rufaa si sawa, na una haki ya kusema hivyo kwa adabu. Kuna jambo moja la kukataa kabisa: kuchomwa au kukwanguliwa kidonda, kisha kinyama kikatupwa kwenye ndoo ya taka. Kovu hupona juu, ugonjwa ukabaki chini, na miezi kadhaa baadaye unarudi ukiwa mpana na mgumu zaidi kukata. Kinyama chochote kinachotolewa usoni kwa mwenye ualbino lazima kiende maabara.

Kwa Tanzania, ngazi ya rufaa hupanda kutoka hospitali ya wilaya hadi ya mkoa, kisha ya kanda. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachohudumia nchi nyingi za Afrika, kilichofunguliwa mwaka 1992, na madaktari wake hufanya kliniki za mkoba, yaani huwafuata watu wenye ualbino wilayani. Uliza hospitali ya wilaya yako au Chama cha Watu wenye Ualbino lini kliniki hiyo inafika, maana siku moja ya kliniki ya mkoba inaweza kukuokolea nauli ya safari nzima. Bugando ya Mwanza na Muhimbili ya Dar es Salaam nazo zina madaktari bingwa wa upasuaji. Kwa mionzi, mgonjwa huelekezwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando. Kenya kuna Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Uganda ni Mulago na taasisi ya saratani iliyo jirani yake.

Usishangae ukipelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, au wa mdomo na taya, au wa macho kama kidonda kiko kwenye kope. Kichwa na shingo vina mabingwa wengi, na kwa kidonda kikubwa hukaa pamoja wakaamua. Kukiwa na bingwa wa upasuaji rekebishi, yaani anayerudisha umbo baada ya kukata, omba akuone kabla ya upasuaji na si baada yake.

Kabla ya kukata, je, wana uhakika gani kuwa ni saratani?

Watachukua kinyama. Kwanza unachomwa sindano ya ganzi pembeni ya kidonda. Inawasha kwa sekunde chache, kisha panakufa ganzi. Daktari huchukua kifaa kidogo chenye mdomo wa duara wenye makali, upana wa milimita 3 au 4, akakizungusha kwenye ukingo wa kidonda, pale ngozi mbaya inapokutana na nzuri, akatoa kipande kidogo. Uzi mmoja unatosha kufunga tundu. Kipande kinawekwa kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kisioze. Angalia kwa macho yako, au mwombe uliyekuja naye aangalie, kama chupa imeandikwa jina lako na sehemu kilipotoka. Andika namba ya maabara, uliza majibu yanatoka lini na ni nani atakayekupigia. Mahali pengi ni wiki moja hadi kadhaa. Siku ikifika kimya, wewe ndiye upige.

Hofu kubwa inayowazuia watu hapa ni maneno ya mtaani kwamba kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Ukweli ni kwamba kuchukua kinyama hakusambazi saratani hii. Maneno hayo yana asili yake, na sipendi kuyacheka: watu walikuwa wakifika hospitali wakiwa wamechelewa mno, wanakatwa, na baada ya miezi michache wanafariki kwa ugonjwa uliokuwa umeshafika mbali kabla kisu hakijagusa ngozi. Majirani waliona kisu na hawakuuona ugonjwa.

Siku hiyohiyo daktari atapapasa matezi ya shingo, mbele ya sikio na chini ya taya. Akikuta tezi gumu atalipima kwa ultrasaundi na kulivuta chembe kidogo kwa sindano nyembamba. Kidonda kilichoshika mfupa au kilicho karibu na jicho au tundu la sikio huhitaji picha ya sitiskani. Utapimwa wingi wa damu, sukari na shinikizo. Ukiombwa kupima virusi vya Ukimwi usiudhike, kwani kinga ikishuka saratani hii huenda kasi zaidi, na kujua mapema hubadilisha mpango wa matibabu.

Sasa tufike chumba cha upasuaji, ambacho wengi hukiita thieta.

Daktari hakati kidonda peke yake. Anakata na ukingo wa ngozi inayoonekana nzima kukizunguka, kwa sababu saratani huwa na vijizizi visivyoonekana kwa macho. Kwa skwamasi ndogo, isiyozidi sentimita 2 na isiyo na dalili mbaya, ukingo huwa angalau milimita 4 kila upande. Kwa kubwa au ya hatari zaidi ni milimita 6 au zaidi, na pengine sentimita nzima. Piga hesabu kidogo. Kidonda cha sentimita 1 na nusu, ukiongeza milimita 4 huku na huku, kinakuwa shimo la upana wa sentimita 2.3. Ili ngozi ifungike bila kuvimbiana pembeni, daktari hukata kwa umbo lililochongoka ncha mbili, urefu mara tatu ya upana. Kovu linatoka sentimita 7 hivi. Wagonjwa wengi hushtuka siku bandeji inapofunguliwa wakidhani wamekatwa kupita kiasi, kumbe kovu refu lililonyooka, likifuata mikunjo ya uso, baada ya mwaka huonekana kidogo kuliko fupi lililokunjamana.

Kipande kikishatoka, daktari hushona uzi mmoja kwenye ukingo wake, tuseme upande wa juu unaotazama nywele. Uzi huo humwambia mtaalamu wa maabara upande upi ni upi. Akikuta saratani imegusa ukingo wa kushoto, daktari atajua arudi wapi usoni mwako bila kukisia.

Shimo hufungwa kwa njia tatu. Dogo hushonwa moja kwa moja. Kubwa zaidi huweza kufunikwa kwa kuhamisha ngozi ya jirani huku ikiwa bado imeshikana na mshipa wake wa damu. Au huletwa ngozi kutoka mbali, ikapandikizwa. Kwa mtu asiye na ualbino, ngozi ya kupandikiza usoni huchukuliwa mara nyingi nyuma ya sikio au juu ya mtulinga. Kwa mwenye ualbino sehemu hizo nazo zimeshaungua, kwa hiyo mwulize daktari kama anaweza kuchukua iliyofichika jua, kwa mfano upande wa ndani wa mkono au paja. Ngozi iliyopandikizwa hufungiwa kifurushi cha gozi yenye mafuta, kikakazwa kwa nyuzi juu yake ili isisogee, na kikakaa siku 5 hadi 7. Kisiguswe, kisilowe, na hakuna kuchungulia.

Kila sehemu ya kichwa ina tabia yake. Mdomo wa chini ukikatwa hadi theluthi moja hushonwa ukarudi kama mdomo, ila mdogo kidogo. Zaidi ya hapo lazima nyama iazimwe shavuni au mdomo wa juu. Pua ikipoteza sehemu kubwa, ngozi huletwa kutoka paji la uso: kwa wiki tatu hivi utatembea na kipande cha ngozi kinachoshuka kutoka kwenye nyusi hadi puani, hadi kishike, ndipo kikatwe kwenye shina kwa upasuaji wa pili. Mwambie mwalimu wa mtoto au mwajiri wako mapema ili wasishtuke. Kichwani, skwamasi ikila hadi kwenye utando wa mfupa, ngozi ya kupandikiza haishiki juu ya mfupa mtupu, na daktari hulazimika kuhamisha ngozi nene ya kichwa au kuuchimba mfupa kidogo ili uote nyama.

Sikio linahitaji neno la ziada. Saratani ndogo ya ukingo wa sikio hukatwa kwa umbo la pembe tatu na sikio likashonwa. Kubwa huweza kulazimisha sikio lote la nje liondolewe. Kusikia hakuondoki nalo, mradi tundu la sikio liko wazi, maana viungo vya kusikia viko ndani ya mfupa. Linaloleta tabu ni miwani. Mwenye ualbino anaitegemea, na mkono wa miwani hauna pa kushika. Nunua kamba ya michezo inayozunguka kichwa kabla hujalazwa. Ni kitu kidogo ambacho hospitali nyingi hazikikumbuki.

Unaweza kuambiwa jeraha halitafungwa siku hiyo. Ziko hospitali za nchi tajiri zenye njia iliyoanzishwa na daktari Mmarekani Frederic Mohs katika miaka ya 1930: daktari anakata tabaka jembamba, analipima palepale kwa hadubini, anarudi kukata pale tu palipobaki ugonjwa, na jioni mgonjwa ameshonwa. Njia hiyo inahitaji maabara pembeni ya kitanda na mtaalamu aliyefunzwa hasa, na kwetu si rahisi kuipata. Badala yake daktari mwangalifu hukata, akafunika jeraha kwa gozi safi yenye dawa, akasubiri majibu ya maabara, ndipo akapandikiza ngozi. Unarudi wodini na shimo, ndiyo, na inatisha. Binafsi ningempendelea daktari huyo kuliko yule anayefunga shimo kubwa haraka, kisha majibu yakaja yakisema saratani imebaki chini ya ngozi iliyohamishwa.

Kama matezi yameshikwa, upasuaji ni mkubwa zaidi na hufanywa kwa nusukaputi, yaani unalazwa usingizi kabisa. Saratani ya paji, panja, shavu na sikio hukimbilia kwanza kwenye matezi yaliyo ndani ya tezi la mate mbele ya sikio. Ya mdomo wa chini hukimbilia chini ya kidevu na taya. Ndani ya tezi hilo la mate unapita mshipa wa fahamu unaofumba jicho, kunyanyua nyusi na kukunjua tabasamu. Kabla ya upasuaji daktari atakwambia ukunje paji, ufumbe macho kwa nguvu, ujaze mashavu hewa na uoneshe meno. Anaandika kipi kinafanya kazi na kipi kimeshalegea. Muulize waziwazi: mshipa huu unatarajia kuubakiza? Jicho lisipofumba utanilindaje? Baada ya kuondolewa matezi ya shingo utaamka na mrija unaotoa majimaji kwenda kwenye chupa, na bega la upande huo huweza kulegea. Omba mazoezi ya viungo yaanze mapema, usingoje mkono ukakamae.

Matayarisho ni machache ila hayana mchezo. Peleka dawa zote unazotumia, pamoja na za miti shamba, ukaziweke mezani kwa daktari. Dawa za kupunguza kuganda kwa damu, aspirini ikiwemo, usiziache wala usiziendeleze kwa uamuzi wako. Sigara na ugoro acha, kwani hunyima ngozi iliyohamishwa damu. Kama ni nusukaputi, usile chochote saa 6 kabla. Chai ya maziwa na uji ni chakula, na maji matupu mwisho ni saa 2 kabla. Nenda na ndugu atakayesikiliza maelezo pamoja nawe, na fomu ya ridhaa isainiwe baada ya kusomewa, hasa kama maandishi yake ni madogo kwa macho yako.

Baada ya hapo, lala ukiwa umeinua kichwa kwa mito miwili. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, za kichwani huchelewa hadi wiki moja au mbili. Rudi hospitali bila kungoja tarehe ukiona usaha, homa, damu isiyokoma kwa kukandamizwa dakika 15, au ngozi iliyohamishwa ikigeuka bluu au nyeusi. Kovu jipya huungua haraka kuliko ngozi nyingine, hivyo hata njia ya kutoka wodini kwenda stendi ipite na kofia.

Sasa ile karatasi. Wengi wakishatolewa nyuzi huhesabu wamepona, na majibu ya maabara ya kipande kilichokatwa yanabaki kwenye kabati la hospitali. Upasuaji wa saratani haujaisha mpaka majibu hayo yasomwe. Mwombe daktari akusomee mambo manne: ni aina gani ya saratani, imezama milimita ngapi, kingo ni safi au la, na kama imefuata mishipa ya fahamu. Kingo zikiwa safi na kina ni kidogo, unaingia kwenye kliniki ya ufuatiliaji. Kingo zisipokuwa safi, unarudi thieta, na urudi mapema, usingoje kidonda kiote upya. Omba nakala, ipige picha kwa simu, mtumie na ndugu yako. Faili hupotea.

Majibu yakionesha mishipa ya fahamu imefuatwa, au matezi yana saratani, au kingo haziwezi kukatwa tena, utaelekezwa kwenye mionzi. Kwa kawaida ni siku 5 kwa wiki, dakika chache kila siku, kwa wiki 6 hivi, na inafaa ianze jeraha likishapona, takriban wiki 6 baada ya upasuaji. Kama mionzi itagusa taya, mwone kwanza daktari wa meno ang'oe yaliyooza, kwani kung'oa jino baadaye huweza kuleta kidonda cha mfupa kisichopona. Mionzi haina maumivu wakati wa kupigwa. Kinachowashinda watu ni kukaa Dar es Salaam au Mwanza wiki 6. Panga malazi kabla ya kupanga safari, na uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kama ipo hosteli ya wagonjwa.

Tuzungumze fedha. Bei hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, kwa hiyo omba makadirio ya maandishi, na yataje kila kitu: faili na kumwona bingwa, kipimo cha kinyama cha kwanza, picha, upasuaji na dawa ya usingizi, kitanda kwa siku, gozi na dawa, na kipimo cha maabara cha kipande kilichokatwa. Hicho cha mwisho ndicho watu huruka fedha zikipungua, ilhali kingepaswa kuwa cha mwisho kurukwa. Afadhali kupunguza siku za wodi.

Tanzania, mwenye bima afuate ngazi za rufaa na ashike fomu ya rufaa mkononi. Ukiruka ngazi unaweza kujikuta unalipa mfukoni. Asiye na bima wala uwezo, mlango wake ni ofisi ya ustawi wa jamii iliyo ndani ya hospitali. Nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji iliyogongwa muhuri wa mtendaji, ikieleza hali yako, na uende siku ya kwanza kabla bili haijapanda. Msamaha unaoombwa mlangoni wakati wa kuruhusiwa huwa mgumu sana. Kenya, tangu Oktoba 2024 bima ya umma iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Unajiandikisha kwa kubonyeza *147# kwenye simu, na mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Kabla ya upasuaji uliza kama hospitali imeshaomba idhini ya SHA, uioneshwe. Pia jiandikishe kwenye Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, ambalo hugawa mafuta ya kukinga jua kwa wenye ualbino bila malipo.

Na kama daktari anasema haikatiki tena? Uliza kama mionzi peke yake inaweza kuipunguza. Zipo dawa mpya zinazoamsha kinga ya mwili dhidi ya skwamasi, ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, lakini bei yake iko mbali na mifuko ya wengi. Hata hapo kuna mengi ya kufanya. Harufu ya kidonda hupungua sana kwa kunyunyizia vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa, na maumivu hutulizwa kwa morfini ya maji inayonywewa. Omba huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso. Asirudishwe nyumbani akiwa na panado peke yake.

Kwa aliyepona, kliniki ni kila miezi 3 kwa miaka 2 ya mwanzo, kwa sababu saratani nyingi zinazorudi hurudi katika kipindi hicho, kisha kila miezi 6. Kila mara daktari apapase shingo na aone kichwa chote, si kovu tu, maana ngozi nyingine iliota jua lilelile na kidonda cha pili mahali pengine ni jambo la kawaida. Ukisahauliwa shingo, mkumbushe.

Mafuta ya kukinga jua yawe na namba 30 au zaidi, yapakwe asubuhi kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa 2 ukiwa nje, masikio na kisogo visisahaulike. Mafuta ya Kilisun hutengenezwa Moshi mahsusi kwa watu wenye ualbino, na hugawiwa bure kwenye kliniki zao. Kofia iwe na ukingo mpana kuzunguka kote. Kapelo huacha masikio na shingo wazi. Mtoto wa shule aombewe ruhusa ya kuvaa kofia na mikono mirefu mstarini asubuhi, na barua ya daktari hurahisisha mazungumzo hayo na mwalimu mkuu.